Jumanne za Mama Vitambaa

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kikohozi kimekuacha. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wameniweka kwenye mashine ya kunyoosha mashuka. Tunasimama wawili, mmoja huku mmoja kule, tunalisha shuka, linatoka la moto, tunakunja, tunalisha jingine. Usiku nikiinama kufungua kamba za viatu namtaja Mungu kwa sauti.

Sasa usicheke. Nimeanza yoga. Aliyenipeleka ni mwenzangu mpya wa upande wa pili wa mashine, dada mmoja aliyetoka huko kwetu mwezi uliopita. Mdomo wake haupoi, na anapenda televisheni kama Mama. Darasa liko juu ya duka la baiskeli, na mwalimu ni mama wa makamo aliyestaafu ukarani wa posta. Mimi nilitegemea kijana mwembamba kama uzi. Huyu mama wa watu ana kiuno kama changu, lakini akiinama viganja vinatua sakafuni. Vyangu vinafika magotini vinaomba kupumzika. Kuna mkao unaitwa mbwa, mikono chini, miguu chini, makalio juu. Nilimwambia, "Mama, baba yangu akiniona hivi ataniita nyumbani leo leo."

Mwisho tunalala chali dakika kumi, macho tumefumba. Wanauita mlalo wa maiti. Huo bado siuwezi.

Haya, niambie ya Jumanne. Hapa sina televisheni, na zamu zenyewe ni za jioni. Mama hakuacha barua hata moja ipite bila kunisimulia tamthilia yetu, na tangu alipotutoka Agosti umeshika zamu yake bila kuombwa. Nashukuru sana, Baba. Mama Vitambaa anaendeleaje na binti zake wawili? Duka bado limesimama?

Msalimie kaka.

Mwanao, kitinda mimba


21 Februari

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kikohozi kinakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Mvua zimeanza na mlango wa mbele umevimba, unakwama tena. Mama yako alikuwa akiusukuma kwa nyonga. Mimi nyonga hizo sina, natumia bega.

Miaka mitatu nilikubembeleza uiname ufagie chini ya meza yangu ya kazi, ukasema mgongo. Leo umevuka bahari kwenda kuinama! Mwalimu wako mpe pole. Na huo mlalo wa maiti, jina sijalipenda. Waambie wauite mlalo wa mchana.

Unajua mimi si mtu wa tamthilia. Miaka arobaini natengeneza televisheni za watu, na ninachotazama ni kama picha ina chenga. Nikikaa kutazama kwa raha, nataka vipindi vya wanyama. Simba hana siri wala hana mawifi. Mama yako ndiye aliyekuwa akigombana na kioo. "Usiifungue hiyo barua, mjinga wewe!" Na yule mjinga anaifungua.

Lakini amana ni amana. Jumanne Mama Vitambaa alikuwa dukani anapima kitambaa cha bluu. Binti mkubwa akaja na yake, kwamba mdogo wake aliyekwenda kufanya kazi mbali ametusahau. Mama Vitambaa akavua miwani, maana akiivaa hasikii vizuri, akamwambia rudia. Binti akarudia. Mama akasema, "Sasa nimekusikia. Toka dukani kwangu." Baadaye ikaonekana kumbe yule mdogo anaumwa mgongo huko aliko. Hawa watunzi wanachungulia maisha ya watu.

Kaka yako anakusalimu.

Baba yako


18 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye ngazi za kazini nikacheka hadi msimamizi akatoka kuangalia kuna nini. Jina lako mwalimu amelipenda, sasa darasa zima tunasema mlalo wa mchana.

Siku hizi baada ya mazoezi tunakaa kutafakari. Unafumba macho unahesabu pumzi, moja hadi kumi, ukipotea unarudi moja. Sijawahi kuvuka sita. Nikifika nne nawaza mashuka, nikifika tano namwona Mama. Wiki iliyopita nilifika tano nikalia. Nililia kwa sauti, Baba, mbele ya watu kumi na wawili. Mwalimu alinyanyuka. Aliniletea taulo, akarudi kukaa mahali pake.

Mimi sikumzika Mama. Niliomba ruhusa nikanyimwa, na nikakubali kunyimwa. Wapo watu ambao wangeacha kazi siku ile ile wakapanda ndege. Nikifumba macho, hilo ndilo linalonikalia mbele.

Basi tuyaache. Jaribu na wewe kukaa kimya, dakika kumi tu, hakuna gharama wala mbwa. Na usinikatie Jumanne zangu. Nilifurahi kusikia kwamba Mama Vitambaa anavua miwani ili asikie. Mama yetu naye alikuwa hivyo hivyo.

Mwanao, kitinda mimba


10 Aprili

Kitinda mimba wangu,

Marahaba, mama. Huku sote wazima.

Nimejaribu huo ukimya wenu. Siku ya kwanza nilifika kumi bila taabu, nikajisifu, kisha nikagundua nimehesabu skrubu za televisheni iliyokuwa mezani. Siku ya pili nilisinzia kwenye kiti, kichwa nyuma, mdomo wazi. Kaka yako akaingia, akanitikisa huku anaita jirani. Nikamwambia, "Tulia bwana, huu ni mlalo wa mchana." Hadi leo ananitazama kwa jicho la pembeni.

Siku ya tatu nilitoka kwenye karakana nikaenda kukaa sebuleni, kwenye kochi, upande wangu. Kuna kimya humo, mwanangu. Nilikuwa sijakijua ukubwa wake.

Lile la mazishi nimelisoma. Nitakujibu. Nipe muda, mimi ni fundi, sifungui kitu kabla sijajua nitakifungaje.

Jumanne haikuwa na mengi. Mama Vitambaa alimkatia binti mdogo kile kitambaa cha bluu akakifunga vizuri, akagombana na mchukuzi juu ya namna ya kushika mzigo. Alishinda yeye.

Baba yako


6 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na mgongo unaniheshimu kidogo sasa. Jana vidole viligusa sakafu. Mwalimu alipiga makofi kama nimepata mtoto.

Msimamizi alipita akiuliza nani anataka likizo ya Agosti, wiki tatu. Zamu ilikuwa yangu, lakini nimemwachia mwenzangu wa mashine. Yeye ni mgeni, ana hamu na kwao zaidi. Na kazi zenyewe ni nyingi, na nauli, na huko mvua, sijui. Mwakani nitakuja. Kwani kuna haraka gani? Barua zako zinanitosha, nikizisoma naiona nyumba yote ilivyo, na kochi, na Jumanne.

Usiache kuniandikia.

Mwanao, kitinda mimba


27 Mei

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Hakuna mpya.

Tamthilia yetu iliisha Oktoba. Tangu hapo kila Jumanne niliyokuandikia niliitunga mwenyewe, kwenye meza ya kazi, katikati ya televisheni za watu. Yetu ya sebuleni niliichomoa kwenye umeme na mpaka leo sijaichomeka.

Mama Vitambaa alikufa. Ilikuwa kama wiki nane baada ya mama yako. Hilo pengine ningekuandikia, kalamu nilikuwa nimeshika. Lakini kipindi cha mwisho ndicho kilichonishinda. Yule binti mdogo alifika siku tatu baada ya mazishi, na sanduku mkononi, na dada yake akamfungia mlango. Akabisha, akabisha, hadi majina ya waigizaji yakaanza kupanda juu ya uso wake. Wakaimalizia hapo. Miaka sita mama yako amekalia kochi lile kwa ajili yao, na wao wakaimalizia hapo.

Ningekuandikiaje hayo wewe? Nikamfufua yule mama. Nilisema moyoni, wiki mbili tatu tu, mpaka mtoto apate nguvu. Kisha siku moja nikamwandika anavua miwani, na kwa muda ule nyumba ikawa na mtu. Sikuweza kuacha tena. Nakwambia kweli, uongo ule ulinitibu mimi kabla haujafika kwako.

Sasa umeacha likizo, unasema barua zinakutosha. Nimekaa kimya kwenye kochi siku tano, nahesabu pumzi zenu hizo, na kila nikifika tatu naona jambo moja: nimekujengea nyumba ya karatasi, na ndiyo inayokuzuia kuja kwenye hii ya matofali. Nisamehe.

Na lile la mazishi ni hili. Siku mbili kabla hajatutoka, mama yako alivua miwani akaniambia, "Mtoto asiitwe. Akija atanikumbuka naumwa. Asipokuja atanikumbuka nagombana na televisheni." Nikamtii. Nilikupigia simu akiwa ameshakwenda, na kukwambia kwa nini sikupiga mapema nikaona aibu. Tangu siku ile hata simu naiogopa, ndiyo maana tumebaki na barua tu, kama watu wa zamani. Kwa hiyo aliyekuchelewesha ni mimi. Wewe huna kosa.

Baba yako


4 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Wiki tano sasa. Mtu wa posta akinikuta barazani anavuka barabara, ameshachoka kuniambia hakuna. Kama umekasirika, niandikie umekasirika. Hata mstari mmoja. Nitausoma kama tamthilia.

Baba yako


15 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nisamehe. Sikukasirika. Nilikuwa nasubiri nipate la uhakika la kukuandikia, na hapa kupata saini ya mkubwa ni kama kumng'oa kiboko jino.

Lakini kwanza nami nitoe langu. Baba, nilijua tangu Januari.

Yule mwenzangu wa mashine, siku yake ya kwanza kazini, alinisimulia tamthilia yote mpaka mwisho, na mlango wake. Alikuwa ananiliwaza tu, hakujua anamwambia nani. Shuka moja nililikunja mara nne siku ile.

Kisha ikaja barua yako, na ndani yake Mama Vitambaa yu hai. Nikaelewa unatunga, ila sikuelewa kwa nini. Nilidhani unauficha ule mlango kwa sababu moyoni unaona mimi ndiye yule wa nje. Kila barua niliifungua nikiogopa kwamba safari hii huo mlango utakuwemo. Haukuwemo. Badala yake nakuta Mama kavua miwani, Mama kanikatia kitambaa, Mama kagombana na mchukuzi akashinda. Ndiyo maana niliuliza tena na tena. Usiseme ulikuwa uongo. Mimi nilikuwa najua, kwa hiyo hukunidanganya, ulikuwa unanisimulia.

Ila likizo niliiacha kwa hofu. Ule mlango, Baba. Niliogopa kufika na sanduku.

Lile neno la Mama, kwamba mtoto asiitwe, nimelisoma hadi karatasi imelainika. Ni yeye kabisa! Hata kufa alitaka kunipangia. Nimelia, nimecheka, na juzi darasani nilifika kumi. Nilipofika sikujua la kufanya, nikaanza tena moja.

Mwenzangu amenirudishia likizo. Amesema amechoka kunyoosha mashuka na mtu anayelia. Nitafika Jumanne, tarehe ishirini na nne Agosti, alasiri. Sasa nina saini, ndiyo maana naandika.

Mwanao, kitinda mimba


5 Agosti

Kitinda mimba wangu,

Marahaba, mara elfu. Barua yako niliipokea nikiwa nimeshika chuma cha kulehemu, nikaunguza redio ya jirani. Nimemwambia ni furaha. Amesema furaha hiyo imtengenezee redio.

Kwa hiyo Januari yote, Februari, Machi, nilikuwa natoa jasho kumtafutia Mama Vitambaa maneno, na wewe unajua! Umerithi kwa mama yako. Naye alikuwa ananiacha niseme mpaka mwisho ndipo aniambie alishalisikia.

Televisheni nimeichomeka jana. Nilitazama simba nusu saa. Nilidhani nitashindwa, nimeweza. Upande wa mama yako wa kochi nimeupangusa, sijaukalia. Huo utaukalia wewe, nami utanionyesha huyo mbwa wenu, tuone kama bega langu litakubali. Jumanne hiyo tutakaa tu. Kukiwa na kipindi tutatazama, kukiwa hakuna tutahesabu.

Kaka yako atakupokea na gari. Mimi nitabaki nyumbani, nataka mtu awepo ndani ukifika.

Jambo moja. Mvua zimekwisha lakini mlango wa mbele bado unakwama. Nilitaka kumwita seremala aupige randa, nikaona ataondoa na ule mlio wake, nikamwacha. Basi ukifika usibishe hodi, na ukiona haufunguki usidhani kitu. Hakuna aliyeufunga. Weka sanduku chini, sukuma kwa nyonga.

Baba yako