Komeo Niliyoitoa ku Mulango wa Bafu

Baraka, Mwemezi
Tarehe 9 mwezi wa kumi 2024

Mupendwa kaka yangu Eugène,

Nakusalimu mu jina la Bwana wetu, we na bote ba mu nyumba yako. Habari ya kule Lubumbashi? Kile kikohozi chako cha mwaka jana kimepona, ao bado kinakushika asubuhi? Bibi yako Marie-Rose na mutoto wenu Ketsia bako salama? Huku Mama iko muzima, miguu tu ndiyo inamusumbua. Juzi alimaliza sahani nzima ya samaki ndagala, kisha akasema haikuwa na chumvi. Mi pia niko muzima wa mwili. Roho ndiyo haitulii.

Naandika ku karatasi juu simu umenikatia mara mbili. Karatasi utaisoma mupaka mwisho.

Unajua kwamba tangu mwaka jana mi ndiye muangalizi wa ile hangari ya kanisa, mahali banalala bantu basio na nyumba: benye kukimbia vita kule juu Minembwe, na bachimbaji benye kushuka kutoka Misisi na migongo yao imeharibika. Mutoto wako Dieumerci analala pale tangu mwezi wa tano. Ndiyo, bado anameza vidonge vya tramadol, vile vya kutuliza maumivu. Alianza mu mashimo ya dhahabu, juu ya maumivu ya mugongo, kama benzake. Sikufichi.

Kilichoniuma ni kwamba ulimupigia simu Papa Élie, mukubwa wa komite ya hangari, siyo mimi. Ukamuomba amufukuze mutoto, ao amufungie mu chumba cha maombi siku makumi mbili na moja, halafu atoe ushuhuda mbele ya kanisa, ndipo utaongea naye. Papa Élie alirudilia maneno yako mbele ya komite nzima kama amri ya serikali. Kaka, we hauko hapa. Hukuona yale ya Nimbona.

Nimbona alikuwa Murundi, mukimbizi, muchimbaji wa Misisi, muntu wa kucheka sana. Komite ilimufungia siku zile zile makumi mbili na moja. Alitoka amekonda, akasimama mu kanisa siku ya Mungu kushuhudia kwamba ameacha vidonge, bamama bakapiga vigelegele, na mi nikapiga nabo. Siku mbili kisha, mugongo ukamushika tena. Angemuambia nani? Amekwisha kushuhudia. Na sheria ya komite inasema mwenye kukutwa na kidonge anatoka na mukeka wake siku ile ile. Basi akaingia mu bafu ya mabati saa sita ya muchana, akafunga komeo, akameza kiasi kile alichozoea zamani, na pombe kali ya kanyanga kidogo juu yake. Bazee balisema muficha maradhi kifo kinamuumbua. Lakini huyu, sisi ndio tulimufundisha kuficha.

Mukoromo wake tuliusikia bote. Tukasema amelala, muacheni apumzike. Dieumerci peke yake alisema ule siyo usingizi, akavunja mulango. Sasa soma pole pole, juu hapa ndipo naona haya. Unajua kwetu muntu akikula sumu tunamunywesha mafuta ya mawese ao maziwa, atapike. Dieumerci alikuwa analia, anasema mulazeni kwa ubavu, musimutilie kitu mu kinywa, hawezi kumeza. Tukamuambia anyamaze, mumeza vidonge atafundisha bantu bazima kitu gani. Kikombe cha mawese ni mi niliyekishika, kaka. Mi, dada yako. Nimbona alipaliwa na yale mawese mu mikono yangu, na muuguzi alipofika hakukuwa tena na pumzi.

Muuguzi mwenyewe ni Liliane Nibizi, wa kituo cha afya. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali anigombeze. Alinieleza kwamba mwili uliokaa majuma matatu bila vidonge unasahau, hauwezi tena kubeba kiasi cha zamani. Tena ukichanganya na kanyanga, pumzi inazidi kupungua mupaka inakatika. Kuna sindano inayoweza kuirudisha, lakini pale ku kituo hakuna. Ameiomba na bado anangoja. Wakati tunangoja, akasema, tuko na masikio na mikono.

Basi nilikusanya bote ba mu hangari, Liliane akatufundisha. Mwenye kumeza asimeze peke yake, amuambie mwenzake. Asichanganye na pombe. Aliyekaa siku nyingi bila kumeza asirudilie kiasi kile cha zamani, juu ndicho kilichomuua Nimbona. Mukoromo wa vile ukisikika, tunamuita muntu jina, tunamutikisa. Kama haamuki tunamulaza kwa ubavu na kutuma muntu kwa Liliane. Na mawese yabakie mu sufuria. Siku ile ile nikaazima bisibisi nikatoa komeo ku mulango wa bafu. Sasa tunatundika kitenge, na mwenye iko ndani akiitwa lazima aitike, la sivyo tunaingia. Bamama balinung'unika juu ya haya, halafu bakazoea.

Papa Élie alikuja kuniuliza kama hangari ya kanisa imekuwa duka la madawa. Anasema nafundisha bantu kumeza. Nikamujibu kwamba kumeza balikwisha kujua mbele sijafika; mi nabafundisha kupumua. Hakupenda.

Juma lililopita, kisha chakula cha muchana, Espérance hakuitika mu bafu. Huyo ni mama mujane wa Ubwari, naye anameza, na hakuna aliyejua. Dieumerci aliingia, akamukuta midomo imegeuka rangi, pumzi inakuja moja moja. Akamugeuza chali, akamuinua kidevu, akamupulizia kwa kinywa. Akichoka yeye, nashika mi. Tulifanya hivyo mupaka Liliane alipofika na pikipiki kumupeleka hospitali. Leo nakuandikia, Espérance iko mbele yangu anatwanga majani ya sombe na kulalamika kwamba kinu changu kimepasuka.

Komite imesema Mungu ametenda. Amina, nami nasema ametenda. Lakini alitumia kinywa cha mutoto wako, na ni huyo huyo banataka kumufukuza. Nimechoka, kaka. Nimechoka na bantu benye kupiga vigelegele kwa ushuhuda, na mugonjwa akianguka banauliza kwanza alivunja sheria gani.

Sikudanganyi, Dieumerci hajaacha. Liliane anamusaidia kupunguza kidogo kidogo. Kuna siku anashinda, kuna siku anashindwa, lakini siku anashindwa anakuja kuniambia. Nimbona hakuniambia.

Siku ya posho, ndiyo jumamosi tarehe 26 ya mwezi huu, komite inakaa. Banataka komeo irudi ku mulango, na Dieumerci aingie mu chumba cha maombi, kwa neno la baba yake. Hivyo ndivyo banasema: kwa neno la baba yake. Mi bananiona muanamuke wa kelele tu. Mwenye kuweza kuliondoa lile neno ni we. Piga simu kwa Papa Élie mbele siku ile haijafika. Maombi sikatai, tunaomba kila asubuhi na mutoto wako anaomba na sisi. Nakataa kumufungia, halafu kumusimamisha aseme amepona.

Barua hii namupa Junior, mutoto wa jirani, anayepanda boti ya Kalemie na baadaye gari ya moshi mupaka kwenu. Mu bahasha utakuta kitu kizito. Ni ile komeo. Komite inaitafuta, na hapa sina tena mahali pa kuiweka. Kama bado unaona mutoto wako afungiwe, basi usiitume na muntu. Uje nayo we mwenyewe, uipigilie kwa mikono yako, halafu ukae inje ya mulango usikilize.

Umusalimie sana Marie-Rose, na Ketsia umuambie nyanya yake anamuuliza kila siku kama anasoma. Mama anakubariki: Mungu akulinde ukitoka na ukirudi, na akupe moyo wa kusikia.

Salamu za Dieumerci sina. Hakunituma. Aliniona naandika, akauliza tu kama kile kikohozi chako kimepona. Umujibu yeye mwenyewe, siyo mimi.

Wako anayekupenda hata akikukasirikia,
Dada yako Godelieve