Fomu Niliyoijaza Ili Kumkomoa Sheila

Mpendwa Bi Hester,

Nakuomba uniokoe, ingawa ukishasoma kisa chote huenda ukaona afadhali niachwe nizame, na kama nukta ni chache humu nivumilie, kwa sababu naandika kwa kidole kimoja kwenye kompyuta ya maktaba na kitufe cha nukta kiko pembeni kabisa.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na saba, fundi mstaafu wa mashine za kufuma sufu, na tangu nistaafu kazi yangu kubwa imekuwa kubishana. Kila Jumanne jioni katika klabu yetu ya wafanyakazi hapa Huddersfield, tukishamaliza pai na njegere, tunafanya mjadala wa siasa, mwisho watu wananyoosha mikono, na aliyeshindwa anavaa kifuani ua la utepe la chama cha mwenzake mpaka Jumanne inayofuata, awe anaenda kwa daktari au kanisani. Mimi ni wa chama cha Conservative, ua langu ni la bluu, na katika klabu ile tupo wawili tu, na huyo mwenzangu hasikii vizuri. Mpinzani wangu ni Sheila Ogden, aliyekuwa mpishi wa shule, wa chama cha Labour, cha ua jekundu, tangu tumboni mwa mama yake, mwanamke anayekusikiliza mpaka mwisho huku akikoroga chai, na hapo ndipo anaponitisha.

Hoja yangu ni ileile miaka yote, kwamba kodi imekuwa kubwa kwa sababu posho za serikali zimekuwa nyingi, mtu anaamka gizani kwenda kazini huku mapazia ya jirani yake yamefungwa mpaka saa tano, na kwamba ukijua kulialia kwenye fomu unapewa tu. Haya yote nimekuwa nikiyasema baada ya kufika klabuni kwa kadi ya basi ya bure, nikiwa na dawa za bure mfukoni, na Sheila hajawahi kuniacha nisahau.

"Barry, na hiyo pensheni yako tuiite nini?"

"Yangu nimeilipia!"

"Ulilipia ya baba yako, mpenzi. Yako wanailipa haohao wanaoamka gizani unaowaonea huruma."

"Na wewe posho zako fedha zitoke wapi?"

"Kwa matajiri."

"Wakihama nchi?"

"Tutawasaidia kufunga mizigo."

Klabu nzima ikapiga meza, na mimi nikavaa ua jekundu wiki nzima, nikaenda nalo hadi kwa kinyozi.

Oktoba iliyopita ndipo nilipojichongea. Tulikuwa tukizungumzia ile posho ya wazee wanaohitaji mtu wa kuwahudumia, wanaopewa bila kuulizwa wana akiba kiasi gani, nami nikasimama, maana hoja kubwa huwa naitoa nimesimama, nikasema fomu hiyo nitaijaza mimi mwenyewe nisiye na kasoro yoyote, sitaweka uongo hata mmoja, na mtaona watanipa! Sheila akaweka kijiko chini.

"Wakikupa, utatusomea barua yao hapa?"

"Nitaisoma."

"Na majibu uliyojaza?"

"Yote, moja baada ya jingine."

"Halafu tunyooshe mikono, kama umepewa bure au ulistahili."

"Hata sasa hivi!"

"Jamani, mmemsikia," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Bi Hester, fomu ile ina kurasa zipatazo thelathini na ilinichukua siku tisa, nikiifanyia bandani nyuma ya nyumba ili mke wangu Glenys asijue, na kwa kuwa mimi si mwongo nilijibu kila walichouliza. Waliuliza natokaje kwenye beseni la kuogea, nikaandika kwamba magoti yangu hayaninyanyui, Glenys hunishika kwapani, tunahesabu tatu, nami hutoka tukifika nne au tano. Waliuliza kuhusu nguo, nikaandika kwamba vidole vyangu vimekakamaa kwa baridi yabisi na vifungo hufungwa na Glenys. Waliuliza kama nimewahi kuanguka, nikaandika mara tatu, na ile ya Februari mwaka jana, nikijiandaa kwenda klabuni, nilikaa sakafuni jikoni saa mbili nzima nikisikiliza redio hadi Glenys aliporudi kutoka kwaya. Waliuliza nani ananisaidia na kwa muda gani, nikaandika Glenys, kutwa nzima. Nilikuwa nikiandika huku nikicheka peke yangu kwamba wajinga hawa wataamini kila neno, na sikugundua kwamba kila neno ni la kuaminiwa.

Barua ilikuja wiki tatu zilizopita, nimekubaliwa. Bahasha aliifungua Glenys, kwa sababu bahasha nazo siziwezi, akauliza ni posho gani hii, ikabidi nimwoneshe nakala ya fomu, akakaa mezani bila kuvua aproni akasoma kurasa zote. Nilidhani atanikemea kwa kuchezea serikali. Akasema, "Kumbe unajua." Nikamuuliza najua nini. Akasema, "Miaka miwili unaniambia ni baridi tu, Glenys, kukiwa na joto itapita. Nilidhani huoni ninavyokubeba. Kumbe unaona, Barry, umeiandikia serikali na mimi hukuniambia." Kisha akaenda kupika viazi na mimi nikabaki pale na aibu yangu.

Sasa Glenys anataka fedha hizo zimlipe mama mmoja wa mtaa wetu aje kuniogesha Jumatatu na Ijumaa, na yeye arudi kwaya, maana tangu nilipoanguka Februari ile hajaenda hata mara moja. Kwao Wales waliimba nyumba nzima, na siku hizi anaimba akimenya viazi tu. Kila Jumanne anakuja nami klabuni badala yake, na wakati wa kuondoka tunatangulia kwenye ujia karibu na choo ananifunga koti huko asituone mtu. Watu hudhani tunabusiana.

Jumanne ijayo Sheila anataka nisome barua niliyomwahidi. Nikiisoma na fomu nayo, klabu nzima itajua ninavyotolewa bafuni. Nikisema nimenyimwa, nitavaa ua jekundu na heshima yangu itabaki, ila nitakuwa mwongo, kitu ambacho sijawahi kuwa hata nikiwa nimekosea. Je, niirudishe posho yao, nikae kimya, nirudi kwenye hoja zangu za kodi kama zamani?

Ni mimi,
Mshindi Asiyeutaka Ushindi, Huddersfield

JIBU

Barry,

Pole kwa vidole na pole kwa magoti. Hapo ndipo pole zangu kwako zinapoishia, zilizobaki nimemwekea Glenys.

Kwanza tuelewane kuhusu huo ushindi, kwa sababu naona bado umeukumbatia. Ulisema watampa mtu asiye na shida. Wamempa mzee aliyekaa sakafuni saa mbili akisikiliza redio. Hukushinda, bwana. Uliitegea serikali mtego, ukaujaza ukweli mtupu, na serikali ikafanya kile ambacho hufanywa na mtu akiambiwa ukweli. Waliodanganywa ni wanaklabu, wanaokuona ukisimama kutoa hoja na hawajui nani alikuvalisha hilo shati.

Siasa zako siziingilii. Ukitaka kodi ipungue, piga kelele kodi ipungue. Kuna watu wenye akili timamu wanaosema hivyo, na siku ya uchaguzi utaingia kibandani na ile penseli yao iliyofungwa kwa uzi uweke alama yako unapotaka. Tena huyo Sheila asijione ameponyoka, maana "kwa matajiri" si bajeti, na nikimwona nitamwambia. Bishaneni hadi mapafu yawaume. Lakini kutaka posho ziwe chache ni jambo moja, na kujifanya huhitaji ili hoja yako isichafuke ni jambo jingine, na gharama ya hilo la pili hailipwi na wewe. Inalipwa na mwanamke aliyeacha kuimba.

Nilisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomuuliza Glenys mgongo wake unaendeleaje. Sikupaona. Jirani wa mapazia umemtaja, matajiri wanaohama umewataja, kinyozi umemtaja. Unajua kwa nini alikaa na aproni akasoma kurasa zote? Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumshukuru, na hata hapo ulikuwa unaiandikia ofisi. Mzee mzima! Ona aibu kidogo, kisha tuendelee.

Posho usiirudishe. Umelipa kodi tangu ukiwa kijana wa kiwandani, na kuna kijana wa leo anailipa akitumaini kwamba siku akiwa na magoti yako atapewa pia. Ukirudisha, hakuna mlipakodi atakayekupigia simu kukushukuru. Mpigie yule mama wa mtaani leo, kabla hujamaliza kunisoma. Jumatatu aje. Utaona haya siku ya kwanza, utalalamika siku ya pili, na siku ya tatu utakuwa unambishia kuhusu kodi ya mapato ukiwa ndani ya maji, masikini mama wa watu.

Jumanne nenda klabuni ukasome. Barua yote, fomu yote, pamoja na ile ya kuhesabu hadi tano, na usiiruke Februari. Usiisome kama mzaha wala usiisome kama mtu anayeomba kura. Wakinyoosha mikono na ukashindwa, vaa ua lako jekundu, na wiki inayofuata rudi na hoja ya kodi ambayo haihitaji wewe uwe mzima ili iwe kweli. Nakuahidi utaikuta, chama chako hakijaishiwa.

Jambo moja nusura linipite. Umesema mjadala ni Jumanne jioni, na kama nimekusoma sawasawa, kwaya nayo ni Jumanne jioni. Kwa hiyo usiku huo Glenys hatakuwa kwenye ule ujia wa chooni. Asikuambie atakuja mara hii tu, na wewe usimtazame kwa yale macho ya unyonge, nayajua. Mpeleke hadi kituo cha basi, mpungie mkono, panda la kwako.

Mjadala ukiisha, ua halitajibandika lenyewe na koti halitajifunga lenyewe, na nje kuna baridi. Simama katikati ya ukumbi, pale unapotolea hoja zako kubwa, taa zikiwaka na watu wakiona. Mwombe Sheila.

Bi Hester