Gato Usoni mwa Mama Mukwe

Kindu, nyuma ya gare ya treni, Jumatatu

Yaya Mwayuma, dada yangu mukubwa,

Kama si mimi, hapa Kindu asingecheka hata muntu mumoja. Ninaliandika hili juu kabisa ya karatasi ili ulisome mbele ya mengine, maana najua huko Pangi mungali munasema, "Amisi anabeba magunia bandarini." Magunia ninabeba, sikatai, lakini kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi tu. Treni ikichelewa, watu wanamulaumu muzungu wa reli. Sinema ikichelewa, wananitafuta mimi.

Salamu zangu zikukute umeketi, umekula. Goti lako je, bado linakusumbua asubuhi? Na shemeji yangu, kikohozi kimemuachilia? Mupunga wa bondeni umesimama namna gani mwaka huu? Mimi niko muzima mwili wote, isipokuwa kifundo cha muguu wa kulia, nacho nitakifikia huko mbele.

Barua yako nimeipokea kwa mukono wa yule muuza chumvi. Naona huko kwenu alishusha chumvi na maneno pamoja. Unaniuliza kama ni kweli ndoa ya mutoto wetu Zaina imevunjika. Unaniuliza kama ni kweli mimi, mujomba wake, nilisimama mbele ya watu wa mutaa wa Mikelenge nikasema kwamba kwetu muntu anaoa mama yake mudogo. Unasema usingizi umekukimbia. Yaya, lala. Muuza chumvi alikuwa nyuma kabisa, karibu na mulango, na alitoka kabla ya mwisho. Mimi nilikuwa mbele. Sikiliza wa mbele.

Kwanza ujue kazi yenyewe. Sinema inakuja na treni, mashini ndani ya sanduku, filimu ndani ya mikebe ya duara. Anakuja nayo muzungu mumoja mwekundu wa shingo, na Lukasi, kijana wa Kasongo anayeshika mashini. Wanatundika kitambaa cheupe ndani ya hangari ya mizigo, mashini inatupa mwanga, na watu wa Amerika wanatokea pale wakitembea. Sasa, watu hao wanasema Kiingereza, tena kwa mbio kama cherehani. Muzungu hajui Kiswahili cha kutosha, watu wetu hawajui Kiingereza, basi iko lazima muntu mumoja akae katikati. Huyo njo mimi. Ninasimama kando ya kitambaa na fimbo ya mwanzi, ninasema huyu ni nani, yule anataka nini, kwa nini wamekasirika. Kiingereza nilikipata kwa askari mumoja aliyepita hapa na masua, ile meli ya mutoni, wakati wa vita. Alikaa siku tatu. Nilikichukua chote.

Sinema nyingine ni za mafundisho: nawa mikono, chemsha maji, funika choo. Watu wanaziangalia kama wako misani. Lakini za wachekeshaji wa Amerika, hizo ni kitu kingine. Lukasi anasema watu wale, kabla ya kuingia sinema, walikuwa wanazunguka muji kwa muji na masanduku yao, usiku mumoja hapa, mwingine kule, wanaimba kidogo, wanacheza kidogo, wanaanguka sana. Inaonekana. Muntu anafungua mulango, nyuma yake iko mulango mwingine, anafungua na huo, anatoka farasi amevaa kofia. Muntu anakaa kwenye kiti, kiti hakiko, na yeye anaendelea kukaa. Wanaimba wimbo wa mapenzi huku nyumba inaungua nyuma yao, na hawageuki kwa sababu wimbo haujaisha. Hakuna maana yoyote, Yaya, na mambo yote yanafika kwa wakati wake, kama wapiga kasia.

Tena iko jambo lingine. Hapa kwetu muzungu haanguki. Ukimuona ameanguka, unaangalia upande wa muto mpaka asimame. Kwenye kitambaa anaanguka mara kumi na tano na wewe umepewa ruhusa kuangalia. Nimeona makarani wakubwa wakishika mikanda yao isikatike.

Basi wiki tatu zilizopita ilifika filimu ya kijana mumoja mwembamba, amevaa suruali ya muntu munene, anataka kuoa musichana wa nyumba ya kitajiri. Mama wa musichana, munene wa kweli, hamutaki. Kijana anaingia kwenye karamu yao kwa hila, anajifanya mupiga tarumbeta, na ndani ya tarumbeta amejificha bata. Bata anatoka, karamu inaharibika, wanatupiana vyakula. Mwishowe kijana anachukua gato, ule mukate mutamu wa wazungu wenye povu jeupe juu, na anaubandika usoni mwa mama wa musichana.

Unaelewa mwenyewe, Yaya. Mama mukwe! Muntu ambaye ukimuona njiani unaingia kwenye majani ili apite! Siku ya kwanza hangari yote ilinyamaza. Wanawake walijifunika kanga usoni, muzee mumoja akatema mate, na bahati nzuri filimu ikakatika palepale. Watu wakaenda kwao wanasonya. Muzungu akaniuliza kwa nini hawakucheka. Nikamwambia wamecheka kwa ndani.

Sasa Jumapili iliyofuata nilikuwa nimewaalika wakwe zetu: Muzee Radjabu mushona nguo, muke wake, na kijana wao Feruzi, ambaye atamuoa Zaina baada ya mavuno. Nilitaka waone ni ukoo wa namna gani wanaingia. Kiti cha Muzee Radjabu nilikitoa ofisi ya gare. Lakini niliwaza: wakiiona ile gato, watamuwaza nani? Watakuwaza wewe. Wewe njo mama mukwe wa Feruzi. Niliuona uso wako chini ya lile povu, Yaya, na sikupenda.

Nikatafuta dawa, nikaipata.

Saa nane ya muchana tulifunga milango ya hangari ya mizigo, tukaziba madirisha kwa magunia, joto likawa la kuchemsha mayai. Filimu ikaanza. Nikasema vizuri, watu wakacheka vizuri. Ilipokaribia gato, nikapiga kitambaa kwa fimbo:

"Wazee wangu, mama zangu! Huyu mama munene ni bibi yake kijana! Bibi aliyemuzaa mama yake! Huu ni utani wa mujukuu na bibi!"

Hangari ikapumua. Maana kwetu mujukuu anaweza kumupaka bibi yake masizi, kumuita muke wangu, kumuficha fimbo, na bibi anafurahi. Gato ikatua usoni. Waliruka! Muke wa Muzee Radjabu alimushika mume wake bega kwa kucheka. Na Muzee Radjabu mwenyewe, muntu ambaye anashona kanzu mwaka muzima bila kuonyesha jino, akasema, "Aa, kama ni bibi yake, amupige na ingine."

Na kijana akamupiga na ingine. Ikaonekana kama mimi njo nimeamuru.

Sasa, filimu ile inakaa ndani ya mikebe miwili. Kwa sababu siku ya kwanza ilikatika penye gato, mukebe wa pili sikuwa nimeuona. Muntu wa kazi yangu hahitaji kuona. Lukasi akaweka mukebe wa pili. Mama munene anajifuta povu, anajilamba vidole, anaanza kucheka. Halafu anamushika musichana mukono, anautia ndani ya mukono wa kijana. Anaingia padri na kitabu. Wanabusiana.

Kutoka nyuma sauti ya mwanamuke ikaita:

"Amisi! Huyo musichana anayeolewa, mama yake nani?"

"Ni huyu mama munene," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeshalisema tangu mwanzo.

"Na huyu mama munene ni nani wa kijana?"

Nikajifanya ninanyoosha kitambaa.

"Si ulisema bibi yake?"

"Basi anaoa mama yake mudogo!" mwingine akapiga kelele. "Dada wa mama yake mwenyewe!"

Mimi nikasema musichana si wa kuzaa, aliokotwa. Wakauliza aliokotwa wapi. Nikasema kwenye masua. Wakauliza masua gani huko Amerika. Lukasi alikuwa anacheka nyuma ya mashini, na hakunisaidia.

Muzee Radjabu akasimama. Hakuinua sauti.

"Amisi."

"Ndiyo, muzee."

"Wewe njo mujomba wa musichana tunayemungoja."

"Ndiyo, muzee."

"Siku ya ndoa wewe njo utasimama ututajie ukoo wenu: nani amezaa nani, ili tujue watoto hawa hawana damu moja."

"Ndiyo, muzee."

"Na leo, kwa muchana mumoja, mukwe umemugeuza bibi, kijana umemuozesha mama yake mudogo, halafu musichana umemuokota kwenye masua. Mimi ukoo wenu nitaupokea kwa kinywa gani? Feruzi, simama. Twende."

Feruzi akasimama. Aliniangalia mimi kwanza, halafu baba yake. Kijana ana adabu, sitasema kitu kingine juu yake. Lakini uso wake ulikuwa wa muntu aliyeangusha kitu cha maana ndani ya muto. Muuza chumvi njo alitoka saa ile.

Yaya, niliona ndoa ya Zaina inatembea kuelekea mulangoni, imevaa kanzu nyeupe. Hapo njo nilitumia akili yangu. Nikasema moyoni: maneno yamekwisha, sasa ni kazi ya mwili, kama wale wa Amerika. Kando ya mashini Lukasi anaweka ndoo ya maji, kwa sababu filimu inashika moto haraka kuliko nyasi za kiangazi. Nikamukimbilia Muzee Radjabu, nikamupita, nikageuka kumuomba huku ninarudi kinyumenyume, nikaingiza muguu wa kulia ndani ya ndoo. Ikanasa, kifundo kikateguka. Nikaruka kwa muguu mumoja, maji yanamwagika, mpaka mbele ya mwanga wa mashini, na kivuli changu kikaingia harusini. Kichwa kiligusa paa. Bibi harusi alikuwa anabusiwa na mimi ninaruka katikati yao na ndoo. Bata akakimbia upande mwingine, watu wakaona ananikimbia mimi. Nikashika kitambaa nisianguke, kitambaa kikaanguka na mimi. Nikalala chini, kimenifunika, na harusi ikaendelea mugongoni mwangu.

Nilisikia kicheko ambacho hangari ile haijapata. Nilipotoa kichwa, Muzee Radjabu alikuwa ameketi chini penye mulango, kanzu yake vumbini, mabega yanatikisika bila sauti, machozi ndevuni. Muke wake alikuwa anamupepea.

Alipopata pumzi akauliza, "Amisi, sasa niambie. Yule mama ni nani?"

"Ni mama mukwe wake, muzee. Nilikuwa na haya."

"Haya ya nini?"

"Ya dada yangu."

Akajifuta machozi. Halafu akasema, "Muntu anayedanganya vibaya namna hii hawezi kuficha kitu kikubwa. Feruzi, kaa chini, tumalize filimu."

Basi ndoa iko. Mavuno yakiisha, wanakuja kumuchukua Zaina. Liko sharti moja tu, la kicheko: Muzee Radjabu amewaita ndugu zake wa Kasongo, na anataka siku hiyo, kabla sijataja ukoo, nifanye tena ile ya ndoo. Amesema ndoo ataleta yeye.

Musalimie shemeji yangu, mutega samaki asiyekubali mashauri. Musalimie mama mudogo anayesuka mikeka, mwambie kigogo cha kinu nimekipata. Musalimie kaka yetu wa machimbo, na wake zake wote wawili, kila mumoja kivyake wasigombane. Zaina mwambie kijana wake alipoketi tena aliomba radhi kwa waliokuwa nyuma yake. Huyo atamufaa.

Mimi niliye ndugu yako wa tumbo moja,
Amisi, musemaji wa sinema

Yaya, hapa chini soma peke yako, usimupe Zaina akusomee. Tangu Jumapili ile nimeweka ndoo uani kwangu, ninajaribu. Mara nne nimerudi kinyumenyume, mara nne muguu umekataa, unaipita kando wenyewe, kwa sababu najua iko pale. Majirani wameanza kuuliza. Kama unaweza, mwambie Muzee Radjabu kwamba kifundo hakijapona, kwa maana siku ile, Yaya, ndoo sikuiona.