Habari Kamili ya Elia na Reli Iliyoganda

Birmingham, Ijumaa jioni

Mama, shikamoo.

Elia hajafukuzwa kazi. Amelisema hilo leo asubuhi Harjit, msimamizi wa kikosi chake cha reli, mbele yangu na mbele ya Elia mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolisubiri, na najua Pendo amekaa karibu yako akisikiliza. Mwambie aendelee kufunga mizigo. Kibali chake cha kumfuata mumewe kilitegemea Elia awe na kazi, na kazi anayo.

Goti lako linaendeleaje? Mvua zimeshika huko Tabora, au bado mnatazama mawingu? Sisi huku ni wazima. Kifua kilinibana wiki iliyopita, sasa kimeachia.

Uliniambia kwenye simu kwamba mmesikia Elia ameangusha treni. Hakuna treni iliyoanguka, wala mtu aliyeumia. Nimewauliza waliokuwepo, mmoja mmoja, kama nifanyavyo ninapoandikia gazeti, na maelezo yao yanalingana. Msomee Baba Mdogo na yeyote atakayeuliza.

Jumanne kulipambazuka kila kitu kimeganda. Kikosi cha Elia kilikuwa karibu na stesheni ya Perry Barr, mahali reli zinapogawanyika. Hapo pana vyuma vinavyosogea kuipeleka treni njia hii au ile. Barafu ikiingia katikati, chuma hakifiki mwisho, na pengo dogo tu linatosha kulitoa gurudumu njiani. Kwa hiyo vyuma hivyo vina hita zake. Hita ya hapo ilikuwa imekufa, njia ikafungwa, na vijana wakaanza kusafisha kwa brashi na dawa ya kuyeyushia barafu.

Dawa ikaisha. Mwenzake Elia akaenda kuchukua nyingine garini. Elia akabaki na chupa yake ya chai ya rangi, ikiwa moto. Akafanya ambalo yeyote wa nyumbani kwetu angelifanya: akaimimina pale palipokwama, kama wewe unavyomwagia maji ya moto kufuli la stoo likikwama kwa kutu. Barafu ikaachia. Anasema alifurahi kweli.

Furaha haikudumu. Chai ilichuruzika chini ya chuma, ikaganda tena, safari hii ngumu kuliko mwanzo. Mwenzake aliporudi, chuma kilikuwa kimenata katikati. Elia angeweza kusema amekikuta hivyo. Badala yake alimpigia Harjit simu akamweleza alichofanya. Njia ikabaki imefungwa, abiria wa asubuhi wakapelekwa kwa mabasi, na Elia akasimamishwa kwenda relini hadi suala lake liamuliwe.

Siku hizo tatu hakula vizuri. Sikumbembeleza. Nilimpikia ugali, nikamwambia ale, tusubiri kitakachosemwa.

Mzaha ulitufikia kabla ya uamuzi. Jana, kwenye bucha moja ya Sparkhill, mama mmoja wa Mombasa aliniangalia kutoka kwenye foleni akauliza, “Wewe ndiwe dadake yule wa kuipikia reli chai?” Watu wakacheka, nami nikacheka. Nadhani ndivyo habari ilivyosafiri: hapa chai, kufika Tabora imeshakuwa treni miguu juu.

Leo Harjit alituita ofisini kwake. Ni Singasinga mtu mzima, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake hakijali sana ngeli. Alimweleza Elia kosa lake bila kupunguza: baridi ya huku hulifanya jambo dogo kuwa hatari, na dawa ikiisha mtu husubiri. Elia akakubali. Kisha Harjit akanigeukia.

“Dada, huyu ndugu yako amefanya makosa ya mtu mgeni. Hiyo nitamfundisha. Mtu ya kuficha ndiyo mimi naogopa, maana hiyo iko naua abiria.”

Elia akauliza kama anarudi njiani au anapelekwa kufagia stesheni.

“Kufagia nini? Wewe narudi na mimi. Lakini chai nakunywa ndani ya gari.”

Amemtaka pia awasimulie vijana wapya kisa hiki kwa kinywa chake. Wengi wao wametoka Kongo na hawajawahi kuona ardhi ikiganda barafu. Elia amekubali, ingawa anajua watamcheka.

Mwambie Baba Mdogo, aliyezoea reli kupinda kwa jua, kwamba huku hujikaza kwa baridi hadi kupasuka. Ndiyo maana kikosi hukagua njia hata pasipo theluji, na treni hupunguzwa mwendo. Atapenda kujua. Msalimie Shangazi Tausi anayekukanda goti, na Kaka Daudi, fundi wako wa bati. Hilo la jikoni asilisahau kabla ya mvua. Pendo nitampigia kesho mwenyewe.

Jumatatu asubuhi Elia anarudia somo la majira ya baridi huko Great Barr. Akifaulu, Alhamisi anaingia njiani Perry Barr pamoja na Harjit. Watabiri wa hali ya hewa wanasema siku hiyo kutaganda.

Mwanao,
Rehema