Ubeti wa Nne

Kasulu,
2 Machi, 2014.

Dada yangu mpendwa Pelagia,

Nakusalimu wewe na shemeji Makarius, na somo wangu mdogo mliyempa jina langu bila kuniuliza. Nasikia anasimama dede na anang'ata kila anayemsogelea. Basi jina limemkaa. Mahindi ya Busunzu yanaendeleaje? Mimi huku ni mzima wa mwili, na cherehani inanipatia chakula.

Barua yako nilipewa Jumatano na kondakta wa basi la Kibondo. Unataka nije Jumapili ijayo, kwenye misa ya mwaka mmoja tangu mwanao Longinus atutoke, niimbe "Hora" kama nilivyoimba kaburini. Unasema wimbo ule ndio uliokushika usianguke. Nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu.

Huku wimbo umekuwa mkubwa kuliko mimi. Redio inaupiga, na kinamama wanaokuja kushonesha huniomba niwaimbie ubeti wa nne, ule ambao mtoto amenyamaza na mama yake ndiyo kwanza anafika mlangoni. Mwalimu Elisante, yule mtu wa Upareni anayeongoza kwaya yetu, aliwaambia wenzangu kwamba maneno yale hayatungwi na mtu aliyeshiba, ni machungu ya msiba yaliyonifundisha. Wakanipigia makofi, na mimi nikayapokea.

Kumbuka ulivyoniletea mtoto. Daktari alikuwa amekwambia utajifungua kwa upasuaji, na Longinus alikuwa ametoka kuachishwa ziwa. Alikulilia wiki mbili. Nilimbembeleza kwa hora, hora, neno lilelile la Kiha ambalo mama alitunyamazishia sisi, na kwa kuwa mimi na maneno hatuachani, nikaanza kuliongezea mengine. Mashindano ya kwaya ya Pasaka yalikuwa karibu, Elisante anadai wimbo mpya. Kila mtoto alipolia nilipata mstari. Uchungu ulikuwa wake, Dada. Mimi nilikuwa naandika tu. Nikafikisha beti tatu.

Nilikwambia homa ilimchukua ghafla. Nilikudanganya. Alianza kuchemka Ijumaa. Jumamosi saa saba mchana Kuruthumu, jirani yangu mwenye duka la vitenge, alimgusa akaniambia niache kila kitu nimpeleke hospitali, akaniitia na bodaboda. Alisema, "Mama, mtoto huyu si wa kusubiri." Nikamwomba dereva anivumilie kidogo. Ubeti wa nne ulikuwa umeanza kuja, na niliogopa ukinitoka hautarudi.

Mtoto analia, nami naimba hora, hora, huku naandika. Kisha akanyamaza. Nilifurahi, Dada. Nilidhani wimbo umemtuliza, nikajiambia sasa huu ni wimbo kweli, nikaumaliza bila kufuta neno. Dereva alipopiga honi mara ya tatu ndipo nikaenda kumnyanyua, na shingo yake haikujishika. Hospitali walimpokea akiwa bado anapumua. Wakasema tumechelewa, na kabla ya saa kumi akafa.

Kwa hiyo wimbo haukutoka msibani. Ulikamilika akiwa hai, na ndio uliomchelewesha. Daftari lenyewe nimempa kondakta yuleyule akuletee. Unajua nilivyo na mazoea ya kuandika tarehe na saa juu ya kila ubeti. Utazame ule wa nne.

Jumapili nitakuja kama utanitaka, nikae nyuma na watu wengine. Ukisema nisije, sitakuja. Kuimba siimbi tena, hapo wala kokote.

Shemeji umsomee barua hii wewe mwenyewe. Wasalimie majirani, na wale walionisifu kaburini uwaambie ukweli ukipata nguvu. Kama mtaona vema kumbadilishia mtoto jina, nami sitauliza. Mbusu kwa niaba yangu. Akilia, usimwimbie kwanza. Mguse paji la uso. Na akinyamaza, mguse tena.

Ni mimi mdogo wako,
Generosa