Sahani Si Samaki

Ikola,
9 Machi 1996

Mpendwa dada Verdiana,

Shikamoo. Natumaini nyie wa Mamba mmeamka salama, wewe, shemeji Makarius na watoto, na kwamba mpunga umesimama. Mimi mwili mzima. Habari ni ya mama.

Tangu Januari tumbo lake lilikataa kila kitu, hata uji. Jirani yetu Enoka, mvuvi, akamletea mchuzi wa yule mnyama wa ziwani wavuvi wanayemwita sahani: bapa, mgongo wa ngozi laini, pua kama mrija. Mchuzi ukakaa tumboni. Mama akaanza kujikongoja hadi uani kumtukana jogoo wa Enoka.

Unanijua nilivyo. Siku moja barazani Enoka akasema sahani ni samaki. Nikamwambia huo ni ujinga wa kurithi. Akanijibu kwamba kambale naye hana magamba, mbona ni samaki? Akaongeza kwamba mimi nimesoma majalada tu, ndani sijafika. Nikawaka. Nikamchukua sahani aliyemvua asubuhi ile, nikamchana mgongo mbele ya watu, nikawaonyesha mbavu zilizoungana kuwa gamba kama la kobe chini ya ngozi. Nikawaambia anavuta hewa kwa mapafu, anataga mchangani; yeye na kobe wa porini ni jamii moja, matawi tofauti, kama sisi na binamu zetu. Watu wakanishangilia.

Mama alikuwa dirishani. Na ukoo wetu hauli kobe. Mimi miko niliitupa zamani, nikasahau kwamba yeye hakuitupa.

Tangu siku hiyo amefunga kinywa, hali kitu. Anasema amekula ndugu. Nimemwambia wataalamu wenyewe wanabishana, wengine wanamtenga kabisa na kobe. Padri akaja, akasema mgonjwa hana mwiko. Mama akamshukuru, akageukia ukuta. Mwishoni nikamwambia nilidanganya ili nimshinde Enoka. Akatabasamu, akasema mwanawe ana kiburi lakini si mwongo.

Dada, nilikutumia salamu kwa dereva wa lori kwamba ana homa kidogo. Si homa. Hainuki tena, na jana hakunijua. Enoka bado analeta bakuli, analiweka mlangoni, hanilaumu. Afadhali angenitukana.

Njoo upesi. Labda wewe, usiyependa kubishana, atakusikiliza. Mimi hoja zimeniishia.

Wape watoto salamu zangu, na shemeji umwambie anisamehe kwa kukuita na kumwachia shamba peke yake.

Ni mimi mdogo wako,
Damiano