Usukani wa Pikipiki Yako

Baba watoto,

Wanao hawajambo. Kitinda mimba ameng'oka jino la mbele, siku hizi hacheki bila kuziba mdomo. Hii ni barua ya sita, na sidai jibu.

Mimi kinachonisumbua ni shingo tu. Tangu uondoke naendesha pikipiki yako kwenda kiwandani, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Usukani uliufunga kwa kipimo cha mikono yako mirefu. Mimi naufikia kwa kuinama, huku nimeinua uso nione njia. Nikiitwa kazini nageuka mwili mzima. Wenzangu wananiita Sanamu.

Fundi wa pikipiki aliniambia mapema: "Shemeji, nikiuvuta nyuma utakaa wima, shingo itapona. Ni nati tu za kulegeza."

"Uache. Mwenyewe akirudi ataukuta si wake."

Miaka miwili nimemjibu hivyo hivyo. Jana aliniuliza tena, kwa mazoea tu, hata spana hakushika. Nikashuka, nikamwambia alegeze.

Leo nimekwenda na kurudi nimekaa wima, na shingo haikuuma. Siku ukirudi, pikipiki itakubana.

Mimi,
Mama wa wanao